Nungunungu Tuliyemzungushia Ukuta

Mimi si mtu wa kunyoosha mkono darasani. Nakaa dawati la pili kutoka nyuma, karibu na dirisha, mahali ambapo mwalimu akitafuta mtu wa kujibu, macho yake hunipita juu ya kichwa. Kwa hiyo juzi nilipoona mkono wangu uko juu, nilishtuka kuliko wenzangu. Kilikuwa kipindi cha baiolojia, mada ni wanyama na namna wanavyojilinda, na msichana mmoja wa kule mbele alikuwa amesema kwa kujiamini kabisa kwamba nungunungu akikasirika hurusha miiba kama mishale. Darasa zima likaitikia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Harushi." Mwalimu akageuka. "Umejuaje?" Nikasimama, nikasema, "Nimemwona." Akasema, "Haya, tueleze." Wote wakanigeukia, na hapo hapo maneno yakakauka. Nikasema tena, "Harushi," nikakaa. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Leo ni Jumapili mchana. Wenzangu wanafua, bweni liko kimya, na wewe unayesoma naweza kukueleza kwa sababu hunikodolei macho. Jibu langu ni refu kidogo. Linaanzia mlimani kwa bibi.

Nilipelekwa kwa bibi, mzaa mama, nikiwa sijaanza shule. Mama alikuwa amepata kazi ya zamu kiwandani hapa mjini Morogoro, na kwenye chumba alichopanga hakukuwa na mtu wa kubaki na mimi. Kwa bibi ni juu ya Mkuyuni. Gari likikushusha sokoni unaanza kupanda kwa miguu: kwanza minazi na mifenesi, halafu migomba, halafu pilipili manga iliyojizungusha kwenye miti, halafu unahisi ubaridi masikioni na unajua umekaribia. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za udongo, na jiko la pembeni lilikuwa limepigwa moshi mpaka nguzo zinang'aa kwa weusi. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, ile inayopasuka yenyewe sufuriani. Upepo ukikaa vizuri tulisikia kengele ya misheni kutoka bondeni. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kuchuma kisamvu na kukitwanga, na kuwafukuza kuku kwenye ungo. Sikuwa na rafiki wa rika langu pale karibu, wala sikumtamani. Bibi alikuwa hasemi sana na mimi nilikuwa sisemi kabisa, kwa hiyo tulielewana.

Shamba lilianzia nyuma ya jiko likapanda mlima hadi karibu na msitu. Lilikuwa la mihogo, na magimbi kidogo upande wa kijito. Kwenye kona ya juu kulikuwa na kichaka cha miti mikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukigusa kwa panga. Humo ndimo walimozikwa wazee wa ukoo. Makaburi yenyewe hayakuwa na saruji, ni mawe tu yaliyozama kwenye majani makavu, na mtoto hakuingia humo bila kutumwa.

Lazima nikueleze kidogo habari za ardhi, la sivyo hutaelewa kwa nini mnyama wa kimo cha mbwa alitukosesha raha. Kwetu Waluguru shamba la namna ile hufuata upande wa mama. Bibi alilipata kwa mama yake, mama angelipata kwa bibi, na mimi kwa mama. Lakini si mali ya mtu, ni la ukoo, na mkubwa wa ukoo wetu alikuwa kaka yake bibi, ambaye mimi namwita babu. Mwanamke anayelilima ndiye mwenye nalo. Akishindwa, babu humpa mwingine wa ukoo mwenye nguvu. Hakuna kesi wala kelele. Anakuja, anakaa kwenye kigoda, anakunywa maji, anasema.

Mwaka ninaoukumbuka mimi, goti la bibi lilivimba, na nungunungu akaanza kuja.

Mwanzoni hatukujua. Nungunungu ana adabu zake katika wizi. Hang'oi shina. Anachimba ubavuni, anaufuata mhogo chini kwa chini, anakula, anaondoka na kuuacha mti umesimama na majani yake mabichi kama hakuna kilichotokea. Siku kadhaa baadaye unaona majani yameinama. Unaushika mti, unajikaza ukijua utapambana nao, na unakuja mikononi mwepesi mpaka unaanguka makalio. Chini kimebaki kipande chenye alama za meno mapana mawili mawili, kama mtu amepitisha patasi. Bibi alizipapasa alama zile kwa kidole gumba.

"Huyu si nguruwe," akasema. "Nguruwe hula kama mlevi. Huyu amekula kama mgeni aliyekaribishwa."

Tangu hapo akanifundisha kumsoma. Nungunungu ana njia yake, na akishaizoea haiachi. Ardhi ikiwa na unyevu unaona nyayo za nyuma ndefu, zina kisigino, na ukiwa mtoto mwoga kama mimi unaweza kudhani mtoto mwenzako amepita peku. Pembeni mwa njia huacha miiba iliyokatika yenyewe, mieusi kwa mieupe, na bibi aliutumia mmoja kunigawia nywele njia za kusukia. Mchana hutamwona. Analala shimoni, na giza likishaingia ndiyo anatoka. Na mifupa tuliyotupa nyuma ya jiko ilikuwa inapotea. Bibi alisema nungunungu huichukua akaitafune, si kwa sababu ya nyama, bali kunoa meno, maana meno yake hayaachi kukua.

Babu alikuja kiangazi kilipoanza. Nilimwamkia kwa magoti, nikaleta kigoda, nikaleta maji, nikajificha nyuma ya nguzo ya jiko.

"Goti?" akauliza.

"Lipo, kaka."

"Naliona. Limekuwa kama fenesi." Akanywa maji. "Mdogo wangu, nimepitia shambani kabla ya kuja hapa. Mihogo mingi imesimama kwa aibu tu, chini hakuna kitu."

Bibi akavuta kanga, akalifunika goti.

"Yule binti wa mdogo wetu, wa kule chini, ana vijana wenye nguvu. Wanatafuta mahali pa kupanda mananasi. Wewe ungeteremka mjini ukakae na mwanao, hospitali ziko karibu."

"Na huyu?" Bibi alinielekezea kidevu.

"Huyu si atasoma mjini."

"Sijauliza atasoma wapi, kaka. Nimeuliza atalima wapi."

Babu aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ulijue hilo. Shamba la ukoo likifa mikononi mwa mtu, anayelaumiwa ni yeye. Mwishowe akasema, "Basi tungoje mavuno. Ukivuna, unabaki. Usipovuna, nitafanya inavyonipasa." Akasimama, akanipa machungwa mawili yaliyokuwa kwenye mfuko wa koti, akashuka zake.

 Asubuhi yake bibi akanipa kata ya majani ya mgomba niiweke kichwani, akaniambia twende kijitoni. "Jiwe halichoki," akasema. "Tunaochoka ni sisi. Basi tulipe jiwe kazi."

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Nungunungu hajui kuruka wala kupanda. Anachojua ni kuchimba. Ukimwekea ukuta wa kimo cha goti, ulio na mawe mengine yaliyozikwa chini kama mizizi, hana la kufanya. Na hatukuhitaji kuzunguka shamba lote, maana upande mmoja kuna mwamba na mwingine kijito kimechimba ukingo mrefu. Ilibaki kuziba juu, kwenye msitu, na upande wa chini, nyuma ya jiko. Bibi alikaa chini na goti lake amelinyoosha, anachimba mtaro kwa jembe la mpini mfupi, anapanga mawe. Mimi nilibeba. Siku za kwanza shingo iliniuma hadi nikawa siwezi kugeuka kuangalia nyuma. Mawe makubwa tuliyaviringisha kwa mti. Alikuwa na jicho la ajabu kwa mawe. Analitazama jiwe, analigeuza, analiweka, na linakaa kama limezaliwa pale. Likikataa, analitupa pembeni bila hasira. "Hili bado halijapata mahali pake," anasema.

Jirani yetu wa chini alikuwa akipita kila asubuhi na mbwa wake wa rangi ya kahawia. Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani za mababu, na mtani, kama unavyojua, ana ruhusa ya kukutukana msibani na ukacheka.

"Bibi, unajenga boma? Wajerumani wanarudi?"

"Najenga ili harufu yako isifike kwangu."

"Tega waya, mama. Waya mmoja tu, kesho mnakula supu."

"Na mtoto anayepita humo asubuhi, naye nimnase?"

"Basi nipe mbwa wangu hii kazi. Hajawahi kushindwa."

"Mbwa wako anashindwa na viroboto," alisema bibi, na jirani akaondoka akicheka peke yake.

Tulipofika kwenye kona ya juu, bibi akasimama. Ukuta ungeweza kukata moja kwa moja kati ya mihogo na kichaka cha wazee, na kazi ingepungua sana. Nilishaanza kufurahi. Lakini bibi akatikisa kichwa. Alisema wazee hawaachwi nje ya uzio kama mbuzi wa jirani. Mama yake yumo mle, na mama wa mama yake, na shamba ni lao kabla halijawa letu. Basi ukuta wetu ukapinda, ukakizunguka kichaka chote kwa nje, upande wa msitu, ndiyo ukafungwa kwenye mwamba. Ile njia ya nungunungu tulikuwa tumeifuata mpaka inapoingia kwenye majani makavu ya makaburini, na tukaamua kwamba anatoka msituni, anapita humo, anateremka kwetu. Hakuna aliyeingia kuhakikisha. Usingeingia wewe pia.

Siku tulipoweka jiwe la mwisho bibi alipika kisamvu cha nazi na wali, chakula cha sikukuu. Tulikula mpaka ukoko. Alilala mapema, akiwa na uso ambao sijawahi kuusahau, wa mtu aliyemaliza.

Kulipopambazuka tukapanda kwenda kuona. Jirani alikuwa ameshafika na mbwa wake, kakalia ukuta, anangoja kusifu au kutania, lolote litakalofaa. Na mihogo ilikuwa imeliwa kuliko siku zote. Safari hii haikuchaguliwa hapa na pale, bali mstari mzima, shina baada ya shina, na udongo ulikuwa bado mbichi. Mara mbwa akatega masikio, akachomoka.

Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa katikati ya mihogo, amechelewa kurudi kwa sababu ya ulafi. Kwanza alikuwa mdogo na mweusi, halafu akasimamisha miiba yote, ile mirefu ya mgongoni na zile nywele ngumu za shingoni, akawa mara mbili ya mwili wake. Akapiga miguu ardhini kama mtoto aliyenyimwa. Akatikisa mkia. Mkiani ana miiba mifupi minene iliyo wazi ndani kama mabua, nayo ikigongana inalia, mlio mkavu unaokuingia kwenye meno. Alikuwa anamwonya mbwa, na kwa haki alimwonya kwa muda mrefu. Mbwa hakusikia. Aliporuka, nungunungu hakukimbia mbele wala hakurusha chochote. Alirudi nyuma. Alimwendea mbwa kinyumenyume, kwa kasi ambayo hukutarajia kwa mnyama wa miguu mifupi vile, akamgonga na mgongo, akasogea. Miiba ikabaki kwa mbwa, puani na begani, kwa sababu haikushikwa sana ngozini. Mbwa akapiga yowe.

"Kampiga mishale," akasema jirani. "Mmeona? Kampiga mishale."

Lakini mimi niliona. Nilikuwa mfupi, macho yangu yalikuwa usawa na wao.

Nungunungu akaondoka, bila haraka, miiba ikishuka taratibu. Tulitegemea aende kwenye ukuta, akwame, na labda jirani alikuwa tayari na fimbo. Hakwenda kwenye ukuta. Alipanda moja kwa moja, akaingia makaburini, akapotea.

Jirani akatazama kichaka, akatazama ukuta unaokizunguka, akamtazama bibi. Mbwa alikuwa analia miguuni pake na bado mwenyewe akashindwa kujizuia kutania. "Mama," akasema, "kumbe ulikuwa unajenga banda. Umemfungia mwizi ndani na chakula chake."

Ni kweli. Zamani nungunungu alikuwa anakula kwetu kidogo, anakwenda na msituni kutafuta mizizi na magome, anakwenda kwa wengine. Sisi tulimfungia njia zote akabaki na shamba la bibi peke yake.

Bibi aliingia kichakani na mimi nyuma yake, nimeshika kanga yake. Chini ya jiwe kubwa, kando ya kaburi la zamani, tulikuta shimo pana kiasi cha kumeza ndoo, mdomo umelainishwa kwa kupita pita. Na mbele ya shimo kulikuwa na mifupa.  Kwa akili ya mtoto nilijua moja kwa moja ni ya nani, na nilianza kulia kimya kimya, maana hata kulia nilikuwa naona aibu. Bibi akainama kwa shida, akaokota mmoja, akaugeuza. Ulikuwa umechongwa na meno kila upande.

"Huu ni wa mbuzi wa Pasaka," akasema. "Na huu tulipewa siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Nyamaza, mama. Wazee wako wako salama, wana wapangaji tu."

Kutoka ndani ya shimo tukasikia sauti, zaidi ya moja. Nungunungu hakai peke yake. Dume na jike wanakaa pamoja miaka, na watoto wao nao. Baadaye, jioni moja kabla giza halijakamilika, niliwaona wakitoka: mmoja mkubwa mbele, mmoja mkubwa nyuma, katikati kadogo kenye miiba mifupi isiyojua bado kulia. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo kuona kamewekwa katikati.

Lakini asubuhi ile hatukuwa na furaha. Jirani alitoa mawazo yake akiwa amemlaza mbwa chali anamng'oa miiba. Tuchome pilipili kavu mlangoni, moshi uingie, watoke wenyewe.

"Umchomee mama yangu moshi wa pilipili?" bibi akauliza.

Jirani akainamia mbwa.

Kuchimba pale hakukuwezekana bila babu. Kaburi la ukoo haliguswi bila mkubwa kuja, kusema na wazee na kufanya tambiko. Na kumwita babu ilikuwa sawa na kumwambia nimeshindwa, njoo uchukue. Tuliteremka nyumbani. Bibi alikaa mlangoni siku nzima na goti lake amelifunga majani ya moto, anatazama juu. Nilidhani anaaga. Nilikwenda nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilianzisha mimi mazungumzo.

"Bibi, tukijenga mwingine katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Ya wazee na mihogo. Halafu huu wa nje tuufungue, waende msituni."

 "Nilishawaza hivyo tangu asubuhi," akasema. "Mawe si tatizo. Tatizo ni kumwacha mama nje."

Kesho yake alfajiri tulikuwa kijitoni. Nilikuwa nimejifunga kata mbili, moja juu ya nyingine, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba shingo ikikatika na ikatike. Nilikuwa mtoto mdogo lakini nililielewa vizuri lile swali la nitalima wapi. Tulijenga ukuta wa pili kwa mtaro wenye kina kuliko wa kwanza, na usiku nungunungu walipita kula upande wa juu, mchana sisi tukaziba upande wa chini. Kila siku tuliwaachia mashina machache na kuokoa yaliyobaki. Bibi alikuwa akihema. Nilijifunza kuchagua mawe mwenyewe ili asinyanyuke. Mengine aliyatupa, mengine aliyapokea bila kusema kitu, na kwa bibi huko kulikuwa kusifiwa.

Ukuta ulipokaribia kukamilika ikabaki kazi ya kufungua ule wa nje. Bibi akapanda, akashika jiwe la juu, mkono ukakaa pale pale. Alikaa hivyo mpaka jua likapanda. Midomo ilikuwa inacheza lakini sikusikia anachosema. Nikashuka mbio kwa jirani. Sikumwamkia hata, nilimvuta shati.

Alipofika akamtazama bibi, akaelewa, na akafanya ambalo mtani tu anaweza kulifanya. Akajongea kichakani akapaza sauti kama anagombana sokoni. "Nyie wazee humu ndani. Mkiwa hai mlikuwa wachoyo, mtu hapati kwenu hata kipande cha mhogo. Mmekufa, mnafuga wezi. Sasa mwanenu amechoka kuwalisheni. Nawafungulieni mlango, na mwenye kununa anifuate mimi, nyumba yangu mnaijua." Na huku anasema, anabomoa, jiwe moja, jiwe jingine, anayarusha chini yaende kwenye ukuta mpya. Bibi alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, na machozi yakamtoka, na kisha akafunga mwenyewe ule ukuta wa ndani.

Usiku ule walikuja. Tulikuta kucha zao zimekwaruza udongo kwa urefu wa ukuta wote, zimechimba hapa, zimejaribu pale, zimekutana na jiwe chini kila mahali. Halafu nyayo zikageuka, zikapitia mwanya, zikaenda zake. Siku chache baadaye jirani akaja amebeba gimbi lenye alama za patasi.

"Mama, umenihamishia wapangaji."

"Wapokee," bibi akasema. "Si uliwaita ukawaonyesha nyumba yako?"

Mavuno yalipofika babu naye akafika. Hakukaa kwenye kigoda. Alipanda juu kabisa, akautazama ukuta, akautazama mwanya, akatazama kichaka kilichobaki nje. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Ng'oa mmoja." Bibi akanitazama mimi. Nikashika mti wa mhogo, nikavuta, haukuja. Nikakanyaga vizuri, nikavuta kwa mgongo wote, ukaja na mihogo minene imening'inia pande zote kama miguu. Sijawahi kubeba kitu kizito kwa raha vile.

Babu hakumwambia bibi kwamba amebaki. Alinishika mkono mimi, akanizungusha shamba zima, kutoka mwamba hadi kijito, akinigusisha kiganja kila mti wa mpaka. Anayeonyeshwa mipaka ndiye anayetarajiwa kulilima baadaye. Bibi alikuwa anatufuata kwa nyuma akichechemea.

Bibi alifariki mwaka jana, wakati wa masika. Alizikwa kichakani, karibu na mama yake. Baada ya mazishi baadhi ya ndugu walisema ukuta ule wa ndani uvunjwe, haipendezi bibi alale nje ya shamba alilolihangaikia. Babu sasa ni mzee sana, anasikia kwa sikio moja. Akamuuliza mama, na mama akanigeukia. Watu walikuwa wengi kuliko darasani. Nilisema, "Usivunjwe. Alipoujenga alijua atalala upande gani." Sauti ilitoka, na ukuta haukuvunjwa.

Likizo iliyopita mimi na mama tulipanda kuvuna. Juu ya shamba, pale msitu ulipokuwa unaanzia, sasa kuna mananasi, na msitu umesogea mbali. Njia ya nungunungu imeota nyasi. Niliitafuta miiba sikuiona. Mdomo wa shimo umejaa majani, na buibui ametanda. Jirani, ambaye naye amezeeka na hafugi tena mbwa, aliniambia magimbi yake hayaguswi siku hizi, na aliyasema hayo kama mtu anayekupa habari za msiba wa mbali. Mama alifurahia mavuno. Mimi kila mhogo niliong'oa niliugeuza huku na huku kutafuta alama ya meno. Ilikuwa mizima, yote. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningevuna shamba zima na kuhisi nimeibiwa.

Mvua zilikuwa zimeangusha mawe ya sehemu fulani. Niliyarudisha kabla hatujashuka, nikiyageuza mpaka yakubali. Kisha nikapanda kwenye ule mwanya unaotazama msitu, nikaufagia majani kwa tawi. Mama aliniuliza namfagilia nani.  Nilimaliza upande mmoja, nikahamia wa pili.